Kimya si kura: maneno yangu kwa jamaa wa msikiti kabla hatujapitisha katiba

Nimeiandika hapa hotuba yangu kama nilivyoitoa Jumapili msikitini kwetu Pemba baada ya Alasiri, kwa ajili ya walokuwa hawapo, walioko Unguja, walioko Maskati, na wale walonitumia ujumbe kuniuliza "mwalimu kwani ulisema nini mbona barza nzima inazungumza". Nilichokitoa ni pale tu umeme ulipokatika tukangojea.

Assalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Imamu wetu, wazee wangu mulokaa mbele mumeegemea nguzo, vijana wangu mulokaa karibu na mlango kama watu walokwisha panga kutoroka (nimekusomesheni nyote hesabu, namjua nani hukaa karibu na mlango), na mama zangu na dada zangu mulioko upande wa pili wa pazia. Tumshukuru Mwenyezi Mungu mvua imetupisha.

Nimepewa dakika 20 nizungumze kuhusu rasimu ya katiba ya jumuiya ya msikiti wetu, ambayo tutaipigia kura baada ya wiki mbili inshallah. Sikusomeeni vifungu, karatasi munazo na kwenye gurupu imetumwa mara tatu mpaka mwengine kalalamika simu yake imejaa. Mie nakuulizeni suali moja, na mtu asinijibu haraka.

Nani hapa ndani anaikumbuka siku tulokubaliana kulivunja birika la kutawadhia?

Nani?

Mie naikumbuka. Ilikuwa msimu wa karafuu, mwaka ule zilozaa kweli kweli, mtaani wamebaki watoto na mbuzi, kila mwenye mikono miwili yuko kambini anachuma au yuko kwenye jamvi anachambua. Baada ya Isha tukakaa kikao hapa hapa, watu tisa. Tisa jamani. Wanne wajumbe wa kamati, mmoja mtoto wa fundi, mmoja keshalala kaegemea nguzo ile pale, simtaji lakini mwenyewe anacheka. Mwenyekiti wa wakati ule, Mungu amrehemu, mtu mwema kabisa, akasema jamani tunataka birika tulivunje tueke mifereji ya bomba, kuna mtu ana la kupinga? Kimya. Akasema basi tumekubaliana, Al-Fatiha. Na nyie munajua, ikishasomwa Fatiha nani tena atanyanyua mkono? Utaonekana unapingana na Fatiha yenyewe.

Na katibu alikuwa nani? Mie. Na kwenye muhtasari nikaandika kwa mkono wangu huu huu: "wanachama wote walikubali." Wote! Mtu nilosomesha hesabu miaka 31 naandika tisa ni wote.

Jumanne yake fundi kaja na nyundo. Wiki ya pili watu wanarudi kutoka kambini na magunia yao, wanakuta pale pa kutawadhia kifusi. Na yule mzee ambaye babu yake ndo alolichimba lile birika, kwa mikono yake na wanawe, mawe wakiyabeba kutoka pwani, alikuja akasimama pale akatizama. Hakusema neno. Angesema ingekuwa afadhali! Alirudi kwake akatia udhu nyumbani akenda kusali msikiti wa juu kule, na siku ya pili vile vile, na wanawe wakamfuata, na wakwe zao, na majirani. Tarawehe ya mwaka ule munakumbuka safu zilikuwa ngapi? Safu moja na nusu. Chambilecho wazee, kimya kingi kina mshindo mkuu.

Sasa sikilizeni hili, ndo lilonikaa mie mpaka leo. Baada ya miaka miwili nilimfuata yule mzee kumtaka radhi. Tukakaa kwenye kibaraza chake tukanywa kahawa, nikamwambia mzee wangu kwani mifereji ni mibaya? Akasema mifereji ni mizuri, watoto hawatelezi tena, maji yanatoka safi. Nikamwambia sasa ulikasirikia nini? Akanambia: "Mwalimu, mungeniuliza, nyundo ya kwanza ningepiga mie."

Munaona? Maamuzi yalikuwa sawa. Namna ya kuamua ndo ilokuwa mbovu. Na mie nakwambieni, ugomvi mwingi wa misikiti yetu, wa hapa na wa kwengine, ukiuchunguza hauna mambo ya dini ndani yake hata kidogo, ni mtu kaona ameamuliwa.

Kwa hivyo la kwanza ni hili neno kimya. Sisi hapa ni Mashafii, na ipo kanuni mashuhuri ananasibishwa nayo Imamu Shafii mwenyewe, kwamba asiyesema hanasibishwi na kauli. Yaani mtu kanyamaza, usimtilie maneno mdomoni ukasema kakubali. Kwa kanuni hiyo ule muhtasari wangu ulikuwa uongo, astaghfirullah, nilimtilia maneno mdomoni mtu aliyelala.

Lakini wanazuoni hawakuiachia hapo. Wakaongeza: isipokuwa kunyamaza mahali panapohitaji kusema, hapo kimya ni maelezo. Hii nusu ya pili ndo yenu nyie. Mtu kaitwa, kapewa taarifa, kapewa karatasi, kaulizwa mbele ya watu, akanyamaza, halafu kesho yuko barzani na kikombe cha kahawa anasema "hawa wameamua wenyewe". Hapana bwana! Ulikuwepo na mdomo ulikuwa nao. Kanuni inatukamata pande zote mbili, mwenyekiti asihesabu kimya kuwa ndiyo, na mwanachama asikitie kimya mfukoni ili aje akitumie baadae kama silaha.

Ndo maana rasimu inasema mwenyekiti hatouliza tena "nani anapinga". Atauliza mara tatu: wanaokubali, wanaokataa, wasiopiga. Na zitaandikwa namba. Neno "wote" mie kama katibu nimejiharamishia.

La pili ni hesabu, na hapa munisamehe, ndo kazi yangu.

Watu wanasema wengi wape. Sawa, wengi wape, lakini wengi wa nani? Chukulia daftari letu lina watu 180. Rasimu ya mwanzo ilisema akidi iwe thuluthi, yaani wakifika 60 kikao kinakaa. Na uamuzi ni zaidi ya nusu ya waliopo. Nusu ya 60 ni 30, kwa hivyo 31 wanapitisha. Watu 31 kati ya 180, hawafiki hata mmoja kwa watano, wanaweza kuamua kitu halali kwa mujibu wa katiba. Kwa kununua mafagio hakuna ubaya. Kwa kuvunja mnara? Kwa kubadilisha katiba yenyewe?

Na ngoja, haijaisha. Kikao kimeanza watu 64, sawa sawa. Imamu kasema maneno, katibu kasoma muhtasari (mrefu, najua), pakaletwa juisi na vileja, watu wakala, wakaanza kutoka mmoja mmoja, huyu ana ng'ombe wake, yule anawahi gari ya Wete. Wakati wa kura wamebaki 41, na 21 wanapitisha. Kwa sababu hiyo tumeandika kwamba akidi inahesabiwa pale pale kura inapopigwa, si mlangoni wakati wa kuingia. Kijana mmoja kanambia basi juisi iletwe mwisho. Nimeona ana akili kuliko kamati nzima, na leo munaona hamujapewa kitu.

Tena kuna neno dogo ambalo watu walipita juu yake kwenye rasimu, "zaidi ya nusu ya waliopo", na mwengine akapendekeza iwe "zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa", wakadhani ni mamoja. Si mamoja. Waliopo 60, wamekubali 28, wamekataa 20, na 12 hawakupiga. Ukihesabu kura zilizopigwa ni 48, na 28 imezidi nusu, jambo limepita. Ukihesabu waliopo unataka 31, na 28 haifiki, jambo limeanguka. Watu wale wale na mikono ile ile, ila neno moja ndani ya katiba limegeuza jibu. Sasa fikiri tunaligundua hilo siku ya ugomvi wenyewe, kila upande unashika neno lake, si tutashikana kanzu humu ndani?

Tulivyopendekeza sisi ni hivi. Mambo ya kawaida, akidi thuluthi na zaidi ya nusu ya waliopo. Mambo mazito, nayo tumeyataja kwa majina ili mtu asije akasema hili si zito, ni kujenga na kuvunja, kukopa, kumuondoa mjumbe kabla ya muda wake, na kubadilisha katiba, haya akidi ni nusu ya daftari na theluthi mbili ya waliopo wakubali. Piga hesabu: 90 wamefika, theluthi mbili ni 60. Hapo angalau thuluthi ya jamaa nzima imenyanyua mkono ikasema ndiyo. Kidogo bado? Labda. Lakini si tisa.

Na akidi isipotimia? Kwa mambo ya kawaida kikao cha pili kitaitwa baada ya siku 14 na watakaofika watatosha, maana hatuwezi kukaa bila ya balbu kwa sababu watu hawaji. Kwa mambo mazito akidi haishuki, hata kikao cha tano. Wapo walosema tutakwama. Mie nawaambia kheri tukwame, kwa sababu ukiiachia ishuke umefungua mlango wa nyuma, mjanja ataitisha kikao cha kwanza siku ambayo anajua hapaji mtu, halafu cha pili anapitisha na shemeji zake wanne.

Kabla sijalisahau, lile neno la mwisho wa ajenda. "Mengineyo." Wazee wangu, mambo mangapi yamepita hapa kwenye mengineyo? Watu wameshavaa viatu, mtu anasema samahani nina moja dogo tu, dogo lenyewe ni kukodisha kile kiwanja cha nyuma! Katika rasimu mengineyo ni ya kutoa khabari na kuuliza, basi. Hakuna fedha wala jengo linaloamuliwa chini ya mengineyo. Jambo ambalo halikuwemo kwenye tangazo la siku 14 halipigiwi kura siku hiyo. Na kikao kikuu kisiekwe msimu wa karafuu, hilo tumeliandika wazi, sijui kama kuna katiba nyengine duniani imetaja karafuu lakini yetu imetaja.

La tatu. Kura ya mkono au kura ya siri?

Nitakupeni kisa cha mama yangu mdogo. Walikuwa na kibati chao, wanawake kumi na kitu wanachangiana fedha, kila mwezi mmoja anapokea. Siku moja ikatokea mmoja mtoto wake kaumwa, anaomba apewe zamu ambayo si yake, na mwenye zamu keshapanga kuezeka paa. Watu wakaona aibu, ukinyanyua mkono kwa huyu umemvunja moyo yule, na wote ni majirani, wote huazimana chumvi. Basi wakafanya hivi. Kila mtu kapewa punje mbili, choroko moja na kunde moja. Choroko ndiyo, kunde hapana. Vyungu viwili vimefunikwa kanga. Unaingiza mkono, chungu cha kwanza unatia punje yako ya kura, chungu cha pili unatupa ile ilobakia. Mumelifahamu lile la chungu cha pili? Ili mtu asikutizame kiganjani akajua umebakia na nini! Mie nilikuwa mtoto nimekaa mlangoni nikaona ni mchezo tu, nilipokuja kusoma skuli habari za kura ya siri nikasema ah, hii nishaiona, tena ilikuwa na usalama zaidi.

Kwa sababu gani nakupeni kisa hichi? Kwa sababu hapa ndani yuko mtu ana deni dukani kwa mjumbe wa kamati. Yuko alokaa ubavuni mwa baba mkwe wake. Yuko ambaye imamu ndo alomsomesha Kurani tangu alif. Mkono wa mtu huyo ni wake kweli? Haya mambo tusioneane haya kuyasema. Kwa hivyo kuchagua watu, na kumuondoa mtu, iwe kwa karatasi daima. Mambo mengine iwe mkono, lakini wakitokea wanachama watano wakasema tunataka karatasi basi ni karatasi, na hawatakiwi kutoa sababu. Asiyejua kuandika tutamtilia choroko na kunde, wallahi sifanyi mzaha, imo kwenye kanuni ndogo.

Sasa nani ana kura. Hapa ndo pananuka moto kidogo.

Mama zangu, kwanza nyie. Nimelichukua daftari la zamani nikalipitia jina jina. Majina ya wanawake yalikuwemo mangapi? Sifuri. Na daftari la michango nikalipitia. Yalikuwemo mangapi? Nilichoka kuhesabu. Zulia munalolikalia muda huu, nusu yake ni fedha za mafuta ya nazi na mikate ya ufuta. Yaani tunawajua vizuri sana siku ya mchango na siku ya pilau ya Maulidi, siku ya uamuzi hatuwajui.

Mtu mmoja aliniuliza, kwa heshima kabisa, mwalimu hili lina asili? Nikamwambia soma khabari za Hudaibiya, mwaka wa 6 wa Hijra. Masahaba wamekasirika kwa ule mkataba na Makureshi wa Makka, Mtume wetu swalla Allahu alaihi wasallam anawaambia inukeni muchinje na munyoe, mara tatu, hakuinuka hata mmoja. Kaingia ndani kwa mkewe Ummu Salama akamueleza. Ummu Salama akampa shauri, toka, usimsemeshe mtu yeyote, chinja mnyama wako, mwite anayekunyoa akunyoe. Akatoka akafanya vile, na watu wakainuka wote wakachinja, wakawa wananyoana mpaka wanakaribia kuumizana. Imo katika Bukhari. Shauri lilotoka ndani ya hema ndo lilotatua. Sisi tunaogopa nini kupitisha karatasi nyuma ya pazia?

Wenzetu walioko nje je? Maskati, Dubai, London, wametuma fedha za spika na za tangi, na kwenye gurupu ndo wazungumzaji wakubwa, mtu yuko huko saa nane ya usiku anatuma sauti ya dakika sita kuhusu rangi ya milango. Tuwape kura? Kamati hapa tuligawanyika, nakiri. Maoni yangu mie, na rasimu imekuja hivyo, ni kwamba sauti wanayo na kura ni ya anayesali hapa, kwa sababu ndo atakayeishi na uamuzi mara tano kwa siku. Isipokuwa jambo moja. Fedha walotuma kwa kazi maalumu ni amana, ukitaka kuihamisha kutoka tangi kwenda zulia huwezi kuihamisha hata kwa kura 180 bila ya kuwauliza wenyewe. Najua wengine hili halikuwaridhisha, waje waseme siku ya kikao, wajumbe wawili wa kamati wataseti simu na spika ili wasikike.

Na kupigiana kura, yaani mtu anasema mie nimemuwakilisha kaka yangu na ami yangu na jirani, hatukulikubali kabisa. Leo mmoja, kesho mtu anakuja na mkoba wa kura. Daftari pia linafungwa siku 30 kabla ya uchaguzi, kwa sababu tunajuana, kuna waumini huzaliwa siku ya uchaguzi, huja na gari wakarudi na gari.

Sare, yaani kura zikilingana, nitaipitia haraka. Hapa Pemba hatuhitaji kwenda mbali kujua kura moja ni nini. Siitaji siasa, nataja hesabu tu, wazee wanaikumbuka. Uchaguzi wa Januari 1961, Chake Chake mshindi alishinda kwa kura moja. Moja! Na viti vya Zanzibar nzima vilikuwa 22, chama cha Afro-Shirazi (ASP) wakapata 10, Zanzibar Nationalist Party (ZNP) 9, Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP) 3. Wale watatu wa ZPPP wakagawika, wawili huku mmoja kule, ikawa 11 kwa 11. Hakuna wa kuunda serikali, ikabidi uchaguzi urudiwe mwezi wa Juni mwaka ule ule, na safari ile vikafanywa viti 23. Sasa rasimu yetu ya mwanzo kamati ilikuwa na wajumbe wangapi? Kumi. Ndugu zangu tumejifunza nini toka 1961? Tumeifanya 11, na mwenyekiti hana kura mbili, kura zikilingana jambo limeanguka, lilivyokuwa linabaki vivyo hivyo.

Sayyidna Umar, khalifa wa pili, alipopigwa kisu na yuko kitandani mwaka wa 23 wa Hijra, aliwateua watu sita wachague khalifa miongoni mwao, na sita ni shufwa, lakini alishaweka njia kabla, mkilingana tatu kwa tatu mutafanya hivi, na siku ni tatu hazizidi. Aliweka njia kabla ya tatizo. Na katika wale sita Abdurrahman bin Auf akasema mie najitoa, sitaki ukhalifa, ili niwe wa kuwaulizeni nyie. Akazunguka Madina anauliza watu, wanahistoria wanasimulia mpaka wanawake majumbani aliwauliza. Aliona kwamba anayesimamia jambo asiwe na fungu lake humo. Sisi tumeshawahi kupigia kura fundi na kaka yake fundi ndo anahesabu mikono. Rasimu imesema mwenye maslahi aseme, atoke nje, arudi baada ya kura. Kutoka nje si kutukanwa.

Kuna kitu kimoja kura haikigusi hata tukiwa 180 wote tumenyanyua mikono. Hatupigi kura Adhuhuri iwe rakaa ngapi, hilo munacheka. Lakini kuna watu walitaka tupige kura kuuza minazi ya wakfu, yaani ilotolewa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Hadithi ya ardhi ya Sayyidna Umar ya Khaibar, imo kwa Bukhari na Muslim, haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Sharti la aliyeweka wakfu ndo linalotawala, na kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwa ajili ya mambo hayo. Tunaweza kupiga kura nani aiangalie minazi na nazi ziangushwe lini. Minazi yenyewe si yetu.

Nimebakisha moja na najua vijana wa mlangoni muda wao umefika.

Ukishindwa kura ufanye nini?

Vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra. Mtume aliwashauri watu, tubakie ndani ya Madina au tutoke? Yeye mwenyewe alikuwa anaelekea kubakia. Wengi, khasa vijana na walokosa vita vya Badri, wakasema tutoke. Akaingia ndani akavaa deraya, vazi la chuma la vita. Alipotoka wakaanza kujuta, ya Rasulallah ukitaka tubakie. Akasema haimpasi Nabii akishavaa deraya yake kuivua mpaka Mwenyezi Mungu ahukumu. Wakatoka kama watu 1000. Njiani Abdullah bin Ubayy, mkuu wa wanafiki, akarudi na watu 300, na kisingizio chake kilikuwa nini? Kwamba kawasikiliza vijana hakunisikiliza mie. Munamjua mtu huyo? Mie namjua, yuko kila kijiji, shauri lake lisipochukuliwa anachukua watu wake anaondoka.

Na Waislamu wakajeruhiwa siku ile, Sayyidna Hamza akauliwa, Mtume mwenyewe akaumia usoni. Mtu angesema basi, shura, yaani kushauriana, imetuponza, kuanzia leo mkubwa aamue peke yake. Ikateremka nini baada ya Uhud? Ikateremka ile aya ya Aal Imran, ya 159, wasamehe, na waombee maghfira, na washauri katika mambo. Baada ya Uhud! Watu wale wale ambao ushauri wao uliishia pale. Wasamehe na washauri tena. Mie kila nikiisoma namkumbuka yule mzee wa birika, ambaye alirudi, Alhamdulillah, alisali safu ya kwanza hapa miaka minne mpaka alipofariki, na hakuna siku alonikumbusha ule muhtasari.

Sasa utaratibu. Daftari liko wazi kuanzia leo mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, kwangu baada ya Magharibi, na kwa kinamama liko kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, si lazima mupite kwangu. Mwenye mabadiliko ya kifungu ayaandike kwenye kipande cha karatasi atie kwenye kopo la maziwa pale dirishani, jina si lazima. Siku ya kura karatasi ni za rangi mbili, nyeupe ya katiba nzima, manjano ya kile kifungu cha walioko nje, kwa sababu kamati tumeona kinastahili kupigiwa peke yake.

Nimezungumza sana. Kabla ya Magharibi tunayo nusu saa ya masuali. Kila mwaka maikrofoni inaanzia kwa wazee na ikifika nyuma ya pazia betri imekwisha. Kijana, ichukue hiyo uipeleke huko kwanza, leo tunaanzia kwao.